Ndama wa Cherehani

Sotik,
14 Juni 1992

Kwako Mama Bitutu,

Chamgei. Barua hii imebebwa na Obure wa ndizi. Ndiye aliyeniambia kwamba uko kwa kaka yako karibu na Keroka, na kwamba wewe na Bitutu mko wazima. Siku hiyo nilikamua nikiimba, mpaka mume wangu Kipkirui akauliza kama ng'ombe amezaa pacha.

Pale verandani sokoni mahali pako pamebaki tupu. Mimi bado nauza maziwa upande wangu, na nikigeuka kukuambia neno namkuta mbwa wa muuza nyama amelala ulipokuwa unaweka vitambaa.

Ninachotaka kukuambia ni habari ya cherehani yako. Iko kwangu. Siku ile ya Machi mlipopanda lori kukimbia fujo, mimi nilikuwa nimepeleka majani kwenye kituo cha chai, na niliporudi niliikuta mlangoni imefungwa kwa shuka lako la buluu. Niliitia kwenye zizi la ndama nikaifunika kwa majani ya nepia, maana kulikuwa na watu wanapita wakiuliza nani amewekea nani vitu. Miezi mitatu imelala na ndama. Sasa kumetulia kidogo, nimeitoa. Inanuka mkojo, na mkono wa kuzungushia umeanza kushika kutu, lakini nimeupaka mafuta ya kupikia.

Njoo uichukue. Kama barabara bado inakutia hofu, niambie siku, nitaibeba kichwani mpaka darajani tukutane hapo.

Ni mimi jirani yako,
Chemutai, Mama Nelvine


Keroka,
2 Julai 1992

Bot Nelvine,

Bado nakuita mama kwa lugha yenu. Usishangae mwandiko. Anayeandika ni Bitutu, mimi nasema tu. Siku hizi macho yangu yamegombana na karatasi.

Asante kwa cherehani. Nilikuwa nimeshaihesabu imekufa. Lakini mafuta ya kupikia, mwanamke wewe, ni ya sukuma wiki! Yataganda humo ndani mpaka gurudumu lishindwe kuzunguka. Yafute yote kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha nunua kale kachupa ka mafuta ya cherehani, utie matone mawili kwenye kila tundu. Mawili, si matano.

Kuja siwezi kwa sasa. Kaka yangu ananijengea chumba, mvua nayo haituachi, na mambo ni mengi. Ikae kwako. Ila ujue cherehani isiyofanya kazi huharibika, kwa hiyo itabidi uizungushe. Chukua karatasi ya daftari yenye mistari. Toa uzi wote. Weka karatasi chini ya sindano ushone juu ya mistari, mstari baada ya mstari, matundu matupu. Ndivyo nilivyoanza mimi, na ndivyo huanza kila fundi aliyefundishwa na mtu mkali. Ukimaliza kurasa kumi nitumie nione.

Gesare


Sotik,
9 Agosti 1992

Mama Bitutu,

Kurasa ndizo hizi. Nelvine analia kwamba nimemwibia daftari la hesabu, na mwalimu wake ameniita. Nimemwambia mwalimu ukweli, kwamba nina miaka thelathini na minane na nimeanza darasa la kwanza.

Sindano tatu zimevunjika. Sijui kwa nini. Mkono wa kulia nazungusha, wa kushoto nashika karatasi mbele, navuta taratibu, na ghafla sindano inakatika na kunirukia usoni. Kipkirui amekataa kukaa kwenye kile chumba. Anasema afadhali fahali.

Umesema utakuja lini?

Chemutai


Keroka,
30 Agosti 1992

Bot Nelvine,

Nimezipitia kurasa zako na Bitutu dirishani. Mistari yako imelewa. Ukurasa wa nne peke yake ndio ulikuwa na akili.

Kosa lako nimelijua kabla sijamaliza kusoma. Wewe unachuma. Miaka ishirini umechuma chai, mkono wako ukiona kitu kinatokeza unakivuta. Kitambaa hakichumwi. Chini ya sindano kuna meno madogo ya chuma, hayo ndiyo yanayokila na kukisogeza. Kazi ya mkono wako ni kuongoza tu, kama unavyomwongoza ndama aendaye malishoni mwenyewe. Ukivuta, sindano inapinda, inagonga chuma, inakatika. Acha meno yale.

Rudia kurasa kumi. Zikinyooka, utie uzi ushone foronya. Foronya haina kiuno wala bega, haitakudharau.

Kuja bado. Salimia Kipkirui, mwambie fahali hashoni.

Gesare


Sotik,
17 Januari 1993

Mwalimu wangu,

Heri ya mwaka mpya. Foronya nimeshona sita, na mto wa Kipkirui sasa una nguo nyingi kuliko yeye. Basi nikapata kiburi, nikaamua kumshonea Nelvine gauni la Krismasi. Naomba Bitutu asome hii polepole ili usicheke ukashindwa kumaliza.

Sikuwa na tepi ya kupimia. Nikachukua ule ufito wangu wa chai. Unaujua, ule tunaouweka juu ya mchai ili kuona majani yaliyopita usawa. Nikamsimamisha Nelvine ukutani, nikaulaza ufito kifuani, nikatia alama kwa wembe toka kwapa hadi kwapa. Nikakata kipande cha mbele upana huo, cha nyuma upana huo huo, nikashona pande zote mbili. Mishono imenyooka, wallahi ungeniheshimu. Siku ya Krismasi kichwa kikaingia, mabega yakaingia, halafu gauni likasimama. Halikushuka. Mtoto akabaki mikono juu kama aliyekamatwa na polisi, na kanisa linaanza. Tulilikata kwa makasi kumtoa.

Kosa langu ni lipi? Nilipima vizuri.

Chemutai


Keroka,
7 Februari 1993

Bot Nelvine,

Tumecheka mpaka mke wa kaka yangu akaja kuangalia kuna msiba gani. Ni mara ya kwanza nacheka tangu Machi ile, nakuambia kweli.

Umempima mtoto kama shamba la chai. Mchai ukishakatwa ni meza, juu yake pako sawa. Mtu si meza. Mtu ni mviringo, ana unene unaoingia ndani usiouona ukisimama mbele yake. Pima kwa kumzunguka. Huna tepi, chukua kamba, mzungushe kifuani, kisha uiweke kamba hiyo kwenye rula. Gawa mara nne. Kila robo uiongeze nafasi ya kupumua na nafasi ya mshono. Na kitambaa kisikatwe kabla ya karatasi. Karatasi ikikosewa unawashia moto, kitambaa kikikosewa unalia.

Nakutumia vielelezo vya kukatia kitambaa, vya karatasi za magazeti: gauni la mtoto, sketi, kaptura. Bitutu amekata, mimi nimemwonyesha kwa kidole. Obure asivikalie.

Gesare


Sotik,
21 Novemba 1993

Mwalimu,

Nimekaa kimya kwa sababu ya marinda. Shule ya Nelvine wanataka sketi yenye marinda kumi na sita, yote yakitazama upande mmoja. Marinda yangu ya kwanza yalitazama kila mtu upande wake, kama watu wasiosalimiana. Nikakumbuka ulivyokuwa ukipiga bandi pale verandani, ile mishono mirefu ya mkono ya kushikilia tu, halafu pasi, ndipo cherehani. Nikajaribu. Yamelala! Mama watatu wameniletea vitambaa.

Kwa hiyo sasa nakaa pale pako. Mbwa nimemfukuza. Naweka maziwa kushoto, cherehani kulia. Ng'ombe wako ameanza kutoa maziwa, Mama Bitutu, na ni mengi.

Lini utakuja uone?

Chemutai


Keroka,
12 Desemba 1993

Chemutai,

Obure amenieleza alivyokukuta. Umekaa kwenye nafasi yangu, na cherehani yangu, na wateja wangu wanapanga foleni. Nilikuambia uizungushe isishike kutu. Sikukuambia uifanye yako.

Wengine walichukua mabati yetu wakaezeka. Angalau hao hawakuniandikia kuniambia kwamba mabati yanazuia mvua vizuri.

Gesare


Sotik,
3 Januari 1994

Mama Bitutu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi mno. Nilitaka nikatae kujibu, halafu nikaona kosa ni langu, nimezungumza nawe kana kwamba umezaliwa kwetu.

Sikia. Kwetu Wakipsigis mtu haweki ng'ombe wake wote kwenye zizi moja. Huchukua mmoja akampeleka kwa rafiki, hata mbali, amlishe. Tunaita kimanagan. Hakuna karatasi wala shahidi. Yule mlishaji hukamua, na maziwa ni ya watoto wake, hakuna wa kumuuliza. Lakini ng'ombe si wake hata akikaa naye miaka ishirini, na ndama akizaliwa si wake. Ndama ni wa mwenyewe. Anayekula ndama wa kimanagan, kwetu jina lake huharibika mpaka kwa wajukuu, na hakuna mtu atakayemwekea mnyama tena.

Nilipoitoa cherehani kwenye zizi nilimwambia Kipkirui, hii ni kimanagan ya Mama Bitutu. Yeye ni shahidi wangu. Ninaposema ng'ombe wako ametoa maziwa, nakuambia kama mlishaji anavyomwambia mwenyewe, ili afurahi kwamba mali yake ina afya. Sikujua kwamba kwenu hiyo ni kama kumcheka mtu.

Ukitaka nisishone, nitaacha leo. Ukitaka nibaki na maziwa tu, nitahamia upande wangu na mbwa arudi. Ukiniandikia neno moja linatosha.

Chemutai


Sotik,
10 Aprili 1994

Mama Bitutu,

Obure anasema barua ilikufikia. Nimeifunga cherehani kwa shuka lako, iko chumbani juu ya kabati, si zizini. Sijashona tangu Januari. Kila Jumamosi naipa matone mawili ya mafuta, nazungusha gurudumu kidogo, naifunga.

Chemutai


Keroka,
28 Agosti 1994

Bot Nelvine,

Nimechelewa kwa sababu mtu mwenye aibu hatembei haraka.

Nilimwuliza Obure juu ya hiyo kimanagan yenu, naye akamwuliza mzee Kipsang anayeuza kamba sokoni, na mzee alikasirika kwamba kuna mtu mzima asiyejua jambo hilo. Akamtuma Obure aniambie kwamba mwenye ng'ombe akigombana na mlishaji anayemwambia habari za maziwa, ni mwenye ng'ombe ndiye asiye na adabu. Haya, nimekubali. Sina adabu.

Ifungue. Kaa pale pale pangu, na kiti usogeze karibu na ukuta, alasiri jua haliji machoni. Kunywa maziwa.

Lakini nikuulize, kwa kuwa wewe ni mjuzi wa ng'ombe: cherehani huzaa nini?

Sasa turudi kazini. Umeshona kola au bado unaziogopa?

Gesare


Sotik,
22 Januari 1995

Mwalimu wangu,

Kola nimezishinda. Nilizigeuza kwa ncha ya makasi nikatoboa mbili, ya tatu nikatumia ufito wa chai uliochongwa, na kumbe hiyo ndiyo kazi yake halisi. Mikono ya nguo ndiyo inayonishinda mimi. Mkono ni mkubwa kuliko tundu la bega, nikiukata ulingane, mteja hawezi kuinua mkono kusifu kanisani. Nifanyeje?

Swali lako la kuzaa nimelisikia. Sijajibu. Ng'ombe hazai kwa kuulizwa.

Chemutai


Keroka,
12 Februari 1995

Bot Nelvine,

Usiukate. Mkono lazima uwe mkubwa kuliko tundu, huo ukubwa ndio nafasi ya bega kusogea. Pitisha uzi wa mishono milegevu juu ya mkono, kutoka alama ya mbele hadi ya nyuma, uuvute kidogo kidogo mpaka ulingane, bila kuacha mkunjo hata mmoja. Kisha shona mkono ukiwa juu, bega likiwa chini, na vidole vyako vya kushoto vikiusambaza kila sindano ikishuka. Utalia mara mbili. Mara ya tatu vidole vitajua vyenyewe, na hutaweza kumweleza mtu mwingine ulivyofanya.

Ukiweza hilo, kilichobaki ni koti, na baada ya koti mimi sina tena cha kukufundisha.

Kuja, tuone baada ya mavuno.

Gesare


Keroka,
7 Julai 1996

Bot Nelvine,

Nimelisikia koti ulilomshonea mchungaji. Obure anasema mchungaji amekuwa akihubiri kwa mikono zaidi kuliko kwa mdomo ili watu walione.

Bitutu anaolewa, Desemba, huko Nakuru kwa kina kijana. Si sherehe kubwa. Nataka uwe wewe wa kunishonea gauni la mama wa bibi harusi. Vipimo ameandika Bitutu chini hapa, alinipima vizuri. Upande wa kulia ufungue mshono toka kiunoni, kwapa lote, hadi kwenye kiwiko, uweke vifungo. Ni mtindo tu.

Kifua 40. Kiuno 36. Nyonga 44. Bega hadi bega 16. Unene wa mkono juu, kushoto 13. Unene wa mkono juu, kulia 9 na nusu.

Gesare


Sotik,
4 Agosti 1996

Mama Bitutu,

Nimekaa na vipimo vyako siku nane. Mara ya kwanza nilidhani Bitutu amekosea, nikataka kukata mikono yote miwili kwa kumi na tatu. Kisha nikachukua tepi nikajipima mimi. Mkono wangu wa kushoto ni kumi na mbili. Wa kulia ni kumi na tatu na nusu. Kipkirui hunicheka, anasema nina mkono mmoja wa mwanamume. Ni wa kuzungusha gurudumu.

Fundi wa cherehani ya mkono, mkono wake wa kulia hunenepa. Wewe umezungusha gurudumu miaka kumi na saba, na wako umekonda kuliko wa mtoto. Na gauni linafunguliwa hadi kiwiko, maana yake kiwiko hakipiti kwenye nguo. Na barua zote hizi ameandika Bitutu. Macho yako hayajagombana na karatasi. Ungeona mistari yangu iliyolewa kwa macho mabovu?

Ni lini umeumia? Naomba iwe ni baadaye. Naomba uniambie ulianguka huko kwenu, mwaka mwingine, kwenye utelezi wa kisima.

Kwa sababu kama ni siku ile, kuna jambo nimelificha miaka minne. Sikuwa kwenye kituo cha chai. Nilikuwa ndani. Uliita Bot Nelvine, Bot Nelvine, ukabisha hodi mara tatu. Walikuwa wamepita asubuhi wakisema nyumba itakayowafungulia Wakisii nayo itawaka. Nilikaa chini nyuma ya mlango, nimemfunika Nelvine mdomo kwa mkono. Nilisikia ukitua kitu. Nilisikia honi ya lori, halafu sauti ya injini ikienda, na ndipo nikafungua. Umenifundisha kushona miaka yote hiyo na mimi ndiye mtu wa nyuma ya mlango. Nilijifunza kwa bidii ile ili iwe kama nimekufungulia. Najua si sawa na kufungua.

Nisamehe, Mama Bitutu. Au usinisamehe, lakini niandikie.

Chemutai


Keroka,
25 Agosti 1996

Bot Nelvine,

Bitutu analia anapoandika, kwa hiyo maneno yakiwa na maji usidhani ni mvua.

Ndiyo, ni siku ile. Lori lilikuwa limeshaanza kutembea. Nilishika chuma cha nyuma kwa mkono wa kulia, mguu ukakosa pa kukanyaga, nikaburutwa. Walinivuta juu. Mifupa ikafungwa na mtu aliyesema anajua, na hakujua. Kiwiko kimejikunja hakinyooki, na vidole viwili vimelala. Gurudumu siwezi kulizungusha hata nusu. Ndiyo maana sikuja. Nije nichukue cherehani nikaiangalie?

Sasa nisikilize vizuri. Nilijua uko ndani. Moshi ulikuwa unatoka jikoni, na Nelvine alikohoa, mkono wako haukubana vya kutosha. Ningeiacha mali yangu mlangoni pa nyumba tupu? Niliiacha pale kwa sababu ulikuwa nyuma ya mlango. Nilikuwa na hasira nilipokuwa napanda lori, siwezi kukudanganya, na hasira ilikaa muda. Halafu ikaja barua yako, na harufu yake ya mkojo wa ndama, nikajua umeilaza cherehani na ndama wako.

Sikukuambia juu ya mkono kwa sababu ungeanza kujihukumu, na kwa sababu nyingine ambayo ni ya ubinafsi. Ulipoandika kwamba umeshinda kola, siku hiyo mimi nilikuwa nimeshona kola. Mikono yangu ilikuwa huko Sotik inafanya kazi. Na ile barua mbaya ya Desemba haikuwa juu ya cherehani hata kidogo. Ilikuwa kwamba wewe unaweza na mimi siwezi. Nimekusamehe, nawe unisamehe hilo.

Shona gauni. Usiniongezee rangi za kunihurumia.

Gesare


Sotik,
17 Novemba 1996

Mama Bitutu,

Obure anakuletea vitu viwili. Cha kwanza ni gauni. Rangi ni ya kahawia kama ulivyozoea, vifungo nimevifunika kwa kitambaa kile kile visionekane. Mkono wa kulia nimeukata umejikunja, kiwiko kina nafasi yake, sikuushona ukiwa umenyooka halafu ukulazimishe. Nilijifunga mkono wangu kwa leso siku nzima ili nijue unavuta wapi. Nelvine alinilisha.

Cha pili ni kile kizito, na usimkaripie Obure, nimemlazimisha. Uliniuliza cherehani huzaa nini. Imezaa, lakini imechukua miaka. Nimeipata kwa fundi mmoja wa Kericho aliyestaafu, mishono ya makoti na marinda ndiyo iliyoileta. Hii ni ya kukanyagwa kwa miguu. Gurudumu utalianzisha mara moja tu kwa mkono wa kushoto, kisha miguu inaendelea. Mkono wa kushoto uongoze kitambaa. Wa kulia ulaze tu juu yake, uzito wake unatosha, nimejaribu na leso ile ile.

Usinishukuru. Maziwa nimekunywa mimi na watoto wangu. Ndama ni wa mwenyewe, na nikikaa naye mzee Kipsang atanitangaza soko zima.

Mama yake nimebaki naye. Nikiambiwa nimrudishe nitamrudisha.

Chemutai


Keroka,
9 Februari 1997

Bot Nelvine

Bitutu ameenda kwake. Naandika mimi, kwa kushoto. Herufi ni kubwa, vumilia.

Gauni lilivaliwa. Nilipita mbele ya watu na hakuna aliyeuliza juu ya mkono.

Ndama nilimwogopa miezi miwili. Nilimfunika. Jana nimemfunua. Miguu inaenda mbele halafu inarudi nyuma, gurudumu linakataa. Nina miaka hamsini na mbili.

Ukurasa huu nimeutoboa. Bila uzi. Sahihisha kwa haki, usinionee huruma.

Mama wa ndama abaki kwako.

Gesare


Sotik,
23 Februari 1997

Mwalimu wangu,

Nimeutazama ukurasa wako dirishani na Nelvine. Nakusahihishia kwa haki.

Mistari sita ya kwanza imelewa. Wa saba ulianza vizuri ukatoka nje, nadhani miguu ilirudi nyuma. Hiyo itaisha ukikanyaga kisigino kwanza, halafu vidole. Wa tisa na wa kumi unavuta. Ndiyo, wewe, Gesare, unachuma, na hujawahi hata kuingia shamba la chai. Acha meno yale. Mstari wa kumi na nne umenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Niliupitisha kidole mara tatu nikamwita Kipkirui aje aone.

Toboa kurasa tisa zilizobaki. Ukimaliza usimpe Obure, ukurasa hupotea kwenye ndizi. Zilete mwenyewe, Jumatatu yoyote, siku ya soko. Nitakuwa nyumbani mpaka saa nne kabla ya kwenda verandani, na kiti chako nimekisogeza karibu na ukuta.

Ukifika usibishe. Mlango utakuta wazi.

Chemutai